Njama za Kumrudisha Bertila Barazani

Jumatatu, 14 Julai

Haya, Asnath, umefika. Tangu Krismasi! Mabasi ya Mwanza yamekufa? Unakuja kama kupatwa kwa jua, na kabla hujatua begi umeshaingiza mkono chini ya godoro la bibi yako ukatoa daftari hili. Najua unasoma. Nimekulea mimi, najua mpaka unavyokohoa ukidanganya. Soma, lakini kwanza nenda jikoni ukale. Kitu hakikosekani.

Shule sikukanyaga, unajua. Herufi nilipewa kanisani, nisije nikashika kitabu cha nyimbo kichwa chini. Ukikuta neno limepinda, linyooshe mwenyewe.

Sasa habari. Bertila hakuja leo!

Bertila jirani yangu, yule yule. Tangu babu yako azikwe, kila asubuhi yuko barazani kwangu, na kigoda chake kinalala hapa hapa. Tunaamkiana, mwangaluka, mwangaluka. Uji. Matobolwa ya viazi vitamu ya kutafuna. Tunasema watu mpaka jua linatufukuza. Siku ya kwanza baada ya msiba alikuja bila kuitwa, akaketi, akanywa uji wote, akasema umezidi chumvi. Nikacheka. Nilidhani sitacheka tena. Toka hapo sijawahi kunywa uji peke yangu.

Leo nimeunywa peke yangu. Kama dawa.

Nikamfuatilia. Nikamkuta kwenye ule ukumbi wa nyuma ya kanisa, hapa hapa Kitete, kalazwa chali pamoja na wanawake wengine kama samaki sokoni. Yoga! Mwalimu ni dada mmoja anaitwa Shukrani. Katokea Arusha mwezi uliopita. Mrefu, mwembamba, suruali ya kubana. Sauti kama ya mtu anayebembeleza mtoto wa mwenzie.

Bertila anasema mwalimu huyo, kabla hajamnyoosha mtu hata kidole, hueleza alikotoka na anachoamini. Alikotoka: alikuwa karani wa benki, akakalia kiti mpaka mwili ukagoma, ndipo bibi mmoja wa Kihindi huko Arusha akamfundisha kukaa chini. Anachoamini: pumzi ndiyo mwenye nyumba, mwili ni mpangaji tu. Mwenye nyumba akiwa na wasiwasi, mpangaji halali.

Mimi navuta pumzi tangu nizaliwe, bila mwalimu. Na sijawahi kukosea!

Nimeamua. Bertila atarudi barazani. Kwa heri au kwa shari.

Jumanne, 15 Julai

Njama ya kwanza: kuingia kama mwanafunzi, nilivuruge darasa kutoka ndani. Kama mchwa.

Nikavaa suruali ya marehemu babu yako, juu yake sketi ya shamba. Nikatandika kanga nyuma kabisa. Wakasimama mguu mmoja. Nikasema kwa sauti kwamba korongo husimama hivyo siku zote na hajafungua darasa. Wachache wakacheka. Ikaja zamu ya kuinama kama mbwa anayejinyoosha. Nikainama. Ikatoka sauti, na haikutoka mdomoni. Nikamgeukia Bertila kwa macho makali. Ukumbi mzima ukamgeukia Bertila! Hapo kidogo nilifurahi.

Mwisho, mkao wa maiti. Ndivyo unavyoitwa, simsingizii mtu! Watu wazima na akili zao, macho wamefumba, mikono pembeni, na wanashukuru. Nikainuka nikauliza kama sanda zinagawiwa mlangoni au kila mtu anakuja na yake. Nilijua watatoka mbio.

Hakutikisika mtu. Bertila akafumbua jicho moja, akaniambia ninyamaze. Kwamba tangu aolewe hajawahi kulala chali mchana bila mtu kumwita alete maji.

Nikajilaza na mimi, nilitafute jibu. Nikaja kuamshwa na mfagiaji. Ukumbi mtupu!

Jumatano, 16 Julai

Njama ya pili. Dawa ya moto ni moto. Jioni ukumbi ule ule una mwalimu mwingine, Wilbroad, anafundisha Pilates. Bertila, Mkatoliki yule, alipiga ishara ya msalaba aliposikia jina, akidhani ni Pilato. Hesabu yangu: nimpeleke huko, Wilbroad amkunje, amuumize kidogo, awachukie walimu wote na ukoo wao.

Wilbroad kijana wa hapa hapa. Kifua kama mlango wa ghala. Alikotoka: alikuwa mpakiaji wa tumbaku, akaanguka kutoka juu ya lori, na robota likamfuata. Mgongo ukawa kama kamba iliyofumuka. Aliyemrudisha kwenye miguu ni fundi wa mazoezi ya viungo, akampa Pilates, na kijana akaenda Dar kuisomea. Anachoamini: mtu anasimama kwa tumbo, si kwa miguu. Tumbo likilegea, nyumba nzima inamwegemea jirani.

Pumzi bila tumbo, anasema, ni upepo tu. Nikaambiwa Shukrani naye anasema tumbo bila pumzi ni ngoma. Nikafurahi. Wachukiane!

Basi Wilbroad akataka tuvute kitovu mpaka kiguse uti wa mgongo. Nikamwambia changu kilifika huko mwaka wa njaa. Akataka tuinue miguu yote, tubaki nayo hewani. Nikabaki. Nikatetemeka kama pikipiki inayokataa kuwaka. Nikamgeukia Bertila nione anavyolia.

Anacheka! Uso unang'aa! Anasema kiuno kimeacha kelele. Anasema kuanzia sasa asubuhi yoga, jioni Pilates.

Asubuhi nilishampoteza. Sasa nimempoteza na jioni, tena nimempeleka kwa mkono wangu mwenyewe.

Ijumaa, 18 Julai

Jana sikuandika. Mkono haukuinuka. Kukohoa tu, tumbo linapiga yowe.

Njama ya tatu: shule yangu mwenyewe! Kama kinachotakiwa ni kueleza ulikotoka na unachoamini, mimi nimepungukiwa nini? Nikatangaza kisimani. Ninakotoka: babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu za watu begani toka hapa mpaka pwani, kwa miguu, akarudi kanyooka kama mpini. (Uongo kidogo. Alirudi kapinda. Lakini alirudi.) Ninachoamini: mwili haufundishwi, mwili unatumwa.

Wakaja! Mke wa Ngollo, yule mwenye mashine ya kusaga, na wenzake. Na Bertila akaja! Moyo wangu ulivyoruka, Asnath, ungedhani nina miaka kumi na saba.

Kazi nikazipa majina ya heshima. Mkao wa kinu: wakatwanga mtama wangu. Mkao wa kisima: wakateka maji. Mkao wa tafakuri: wakaketi chini kumenya gunia langu la karanga, kimya, macho nusu. Mimi napita katikati yao nawahimiza wavute pumzi, wavute na tumbo. Nilichanganya zote mbili, mtu asije akasema kapunjwa.

Ilipendeza. Kinu kinaitikia, ndoo zimejaa, karanga zinashuka.

Aliyeharibu ni mke wa Ngollo. Akauliza darasa linaanza saa ngapi. Nikamwambia, mama, tunakaribia kumaliza. Akatazama kinu. Akatazama ndoo. Akatazama maganda ya karanga yaliyomfika magotini. Kisha akasema, kila mtu anasikia, kwamba babu yangu walau wenye msafara walimlipa kitambaa.

Wakaondoka kwa zogo, kila mmoja na konzi ya karanga zangu. Bertila alikuwa wa mwisho kuinuka. Nilidhani atabaki.

Akasema anawahi kwa Wilbroad.

Jumamosi, 19 Julai

Njama ya nne. Ujanja umeshindwa, tujaribu matusi. Nimtukane Shukrani hadharani, afunge mizigo, arudi Arusha. Usiwe na huruma, Kabula, nikajiambia njia nzima.

Nikamkuta uani alikopanga, anafua. Majirani wamejaa. Na nani anamsaidia kuanika? Bertila! Nguo zangu hajawahi kuzigusa hata kwa kidole!

Shukrani akanipa shikamoo. Marahaba sikuitoa. Nikamwambia: "Wewe njiti ya kiberiti! Umekuja kutufundisha kuvuta pumzi, kwani ulitukuta tumekufa? Shingo kama chupa ya siki, mguu juu kama mbwa anakojoa! Benki walikufukuza kwa kusinzia, sasa unasinzisha watu wa Kitete. Rudi kwenu kabla hatujakushindilia kwenye robota la tumbaku tukakuuza!"

Nguo zinachuruzika maji. Nikangoja machozi.

Akafuta mikono taratibu. Akaniuliza: "Bibi, wewe Mnyamwezi?"

Nikamwambia niwe nani tena! Mnyamwezi wa Ipole, kwa baba na kwa mama, mpaka kwenye kisigino.

Akapiga kigelegele! Akaruka akaivaa kamba ya nguo, ikakatika. Arusha alikwenda kusoma na kufanya kazi tu. Kwao Kisarawe. Baba Mzaramo, mama Mzaramo.

Mtani wangu!

Mimi nilimdhania mtu wa kaskazini. Wale sina utani nao, tungegombana vizuri. Lakini Mzaramo! Tangu wapagazi wetu wakitua mizigo kwao pwani, Mnyamwezi na Mzaramo wanatukanana mpaka msibani, na kukasirika hakuna. Matusi yangu yote, niliyolala nayo nikiyanoa, yamekuwa salamu!

Akasema tangu aingie Tabora anapewa heshima tupu, karibu mwalimu, pole mwalimu, hakuna hata mmoja wa kumtukana, akaona atakufa kwa upweke. Kisha akanirudishia. Mama yangu! Kwamba sisi Wanyamwezi tulitembea na pembe za tembo kichwani mpaka baharini, tulipofika tukauliza kisima hiki ni cha nani. Kwamba mgongo wangu umepinda kwa sababu bado unatafuta mzigo. Kwamba siku nikifa atalala mlangoni, jeneza halipiti mpaka alipwe.

Majirani wanajipiga mapaja. Bertila kashika ukuta, machozi yanamtiririka. Nikataka kununa. Mdomo ukakataa! Nilicheka mpaka tumbo langu, lile alilolikunja Wilbroad, likaanza kuuma upya.

Halafu akanifuata nyumbani, akamkamata jogoo wangu mwekundu, akamtia kwapani, akaondoka anatangaza mtaa mzima kwamba huo ni ushuru wa msafara. Nami nitafanya nini? Mtani hashtakiwi.

Jumapili, 20 Julai

Natoka ibadani, namkuta Shukrani jikoni. Jikoni kwangu! Jogoo yuko sufuriani, katiwa nazi. Bertila anachagua mchele. Hakuna aliyeniomba ruhusa. Tukala watatu, barazani.

Vidole vikiwa na mchuzi, Shukrani akaeleza alikotoka kwa kweli, ile habari asiyoisema ukumbini. Mama yake alifariki yeye akiwa dirishani, benki, foleni ndefu mbele yake. Akapigiwa simu. Akaimaliza foleni. Tangu siku ile pumzi ikawa inakwama hapa, akagusa chini ya koo. Yule bibi wa Kihindi wala hakumfundisha maneno makubwa. Alikuwa anakaa naye tu chini, kila asubuhi, mpaka pumzi ikapata njia.

Nikamwongezea paja.

Bertila akanawa, akanikazia macho. Akauliza kwa nini nimezunguka wiki nzima na vinu na matusi, badala ya kumwambia kwamba nina upweke. Nikamwambia mwenye upweke nani? Mimi? Kigoda ndicho kinachokaa bure. Akasema basi keshokutwa atakuja kukikalia, akitoka yoga. Nikasema uji utakuwa umepoa. Akasema atakunywa hivyo hivyo.

Jumanne, 22 Julai

Ushindi! Bertila karudi barazani!

Na darasa zima nyuma yake. Na jasho lao, na mikeka yao. Shukrani kawaambia kwamba mazoezi hayajaisha mpaka mtu akae na mwenzie wanywe kitu, na kwamba falsafa hiyo kapewa na mtani wake. Mke wa Ngollo kaja na unga. Wilbroad naye eti kapita tu, akakaa ubavuni mwa Shukrani wakabishana pumzi na tumbo mpaka sufuria ikakauka. Kelele! Vicheko! Baraza hili halijajaa hivi tangu arusi ya mama yako.

Namshukuru Mungu, nisiseme uongo. Lakini Bertila alikaa kule mwisho. Nilikuwa na habari tamu ya jirani mmoja, nimemtunzia tangu juzi. Nikaitoa. Hakusikia! Watu wengi mno!

Sasa nimepata akili. Nilimwangalia Wilbroad anavyobisha. Mwanamume habishani hivyo kwa ajili ya tumbo. Nikiwaozesha wale wawili, maharusi watalala mpaka jua kali. Asubuhi hakuna yoga. Bertila atawahi, uji moto, mimi na yeye tu. Njama safi, haina tundu!

Nimeshaanza. Shukrani nimemwambia Wilbroad anatafuta mke mnene. Wilbroad nimemwambia Shukrani anachumbiwa na Mchaga. Wamekasirika wote wawili, vizuri kabisa.

Sasa sikiliza, Asnath. Safari yako ijayo iwe kabla ya mvua. Uvae gauni refu, ubebe sukari na doti ya kanga mpya, wala usianzie kwangu. Ukikutana na Bertila njiani, mwamkie upite, usimwambie neno. Nenda moja kwa moja kwa Shukrani, piga magoti, mwambie umekuja kuposa kwa niaba ya Wilbroad, kijana wa Kinyamwezi. Atakutukana. Usilie. Mrudishie.