Kijiko cha Kuziba Masikio ya Taa

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Mwalimu wa sayansi ametufundisha kwa nini watu huamini njama za siri. Mtu akiwa na hofu au upweke, akili yake hutafuta wa kumlaumu. Nimeandika kila neno. Huyo ni Babu yangu kabisa! Tangu Bibi afariki hatoki nje. Anasema taa mpya za mtaani zinasikiliza watu. Jumamosi nasoma insha yangu mashindanoni, na namtaka Babu kiti cha mbele, pale ambapo Bibi angekaa. Nitamponya. Nina mpango.

Jumanne, tarehe 5
Mpango wenyewe: nimtungie Babu uongo, auamini, kesho nimwambie nilitunga, acheke, apone. Rahisi! Nimemwambia ukining'iniza kijiko dirishani, taa hazisikii kitu. Akauliza, cha chai au cha kupakulia? Sikuwa nimejiandaa. Nikasema cha chai. Akanishukuru kwa upole mpaka nikaona haya.

Jumatano, tarehe 6
Nimekiri. Hakucheka. Alinishika mkono akaninong'oneza, "Pole, mjukuu wangu. Wamekutisha, eh?" Kumbe hata kukiri ni ushahidi! Hili mwalimu hakulitaja. Jioni Mama alikoroga chai kwa uma, akauliza vijiko vyake vimekwenda wapi. Nikazama kwenye hesabu.

Alhamisi, tarehe 7
Balaa! Fundi cherehani wa nyumba ya pili naye ametundika vijiko. Muuza maziwa pia. Wameshinda kwa Babu wakiuliza urefu wa kamba. Muuza maziwa anamwita Profesa. Babu amenyoa ndevu! Fundi ameniapia kwamba tangu atundike vyake, redio yake haikwaruzi tena. Nilitunga mwenyewe, najua nilitunga. Lakini redio, je?

Jumamosi, tarehe 9
Amekuja! Koti limepigwa pasi, kijiko mfuko wa juu, fundi kulia, muuza maziwa kushoto. Mama anasema njiani alizipungia taa mkono, moja moja, kama anayeaga wageni wabaya. Alikaa kiti cha mbele. Nilisoma "Tusiamini Kila Tunachoambiwa" bila kutetemeka, naye akapiga makofi kuliko wote.

Nimekuwa wa pili.

Mama anasema aliyeshinda alisoma vizuri zaidi, basi. Labda. Lakini majaji wote watatu walivaa viatu vya kahawia. Aliyeshinda, viatu vya kahawia! Nimechungulia chini ya meza: mwalimu wa sayansi, kahawia. Hilo limeniuma.

Nimemweleza Babu kwa sauti ya chini. Hakucheka, Mungu ambariki. Alichomoa kijiko chake akakitia mfukoni mwangu, akasema kesho tukishakunywa chai tutatoka, mimi na yeye, twende kwa mshona viatu.

Yule lazima kuna kitu anakijua.