Vitufe Vitano na Salamu ya Baba

Jumamosi, 3 Julai 2004. Bariadi.
Siku nne kabla ya Sabasaba. Januarius, wakala wa pamba, ametangaza sokoni kwamba ataleta spika mbili zenye urefu wa mlango. Tangu soko huria lifike anauza kila kitu, hata muziki. Hapa kwetu ngoma mbili hupigwa uwanja mmoja, saa ileile, na mshindi ni aliyevuta watu wengi. Enzi za ushirika Baba aliwavuta miaka kumi na tatu mfululizo. Sasa zamu ya laptop yangu.

Ninayo kaseti yake ya mwaka 1984, nimeihamishia humo. Inaanza na salamu yake, kisha ngoma. Mama hajaisikia sauti hiyo tangu tumzike Baba. Lazima aisikie. Na lazima Januarius aone.

Jumapili, 4 Julai.
Baada ya misa, kazini. Juu ya kibodi kuna vitufe vitano vya rangi ya fedha: cheza, simamisha, rudi mwanzo, sauti juu, sauti chini. Tangu fundi wa Mwanza aniwekee mfumo mpya wa kompyuta, Linux, vyote vimekufa. Alishauri nitumie kipanya. Baba hakuanza ngoma kwa kusukuma mshale! Hii nayo itaguswa kwa mkono, ianze.

Nimesoma karatasi za fundi. Kila kitufe kina namba yake. Unaiandika kwenye faili na kuipa kazi. Nilikosea moja, "cheza" ikazima mashine. Nilifurahi hata hivyo. Kumbe kiko hai.

Jumatatu, 5 Julai.
Vyote vitano vinafanya kazi! Nikabonyeza. "Mwangaluka!" Nikasimama wima kwa salamu hiyo ya Kisukuma, kama zamani Baba akiingia nyumbani asubuhi. Nikaliona vumbi la uwanja, na jembe lake la kuchezea ngoma likizunguka hewani. Nimelia kidogo. Nikazima haraka, Mama asisikie kabla ya siku yake.

Imebaki dawa tu. Mzee Mashimba ndiye aliyepaka ngoma za Baba dawa ya kuvuta watu. Alisema ngoma anazijua, lakini kitu hiki hakina hata ngozi. Nikamsihi apake hivyohivyo. Majivu, mizizi na samli. Amepaka kwa ukarimu, hadi kwenye vitufe.

Jumatano, 7 Julai. Sabasaba.
Asubuhi uwanja mzima ulikuwa kwa Januarius. Nikaunganisha spika ya kwaya niliyoazima kanisani, nikasimama, nikagusa "cheza". "Mwangaluka!" Kabla ngoma haijaanza: "Mwangaluka!" Tena. Tena. Kitufe cha "rudi mwanzo" kimezama na kukwama kwenye samli. Nikachokonoa kwa njiti ya kiberiti, wapi. Januarius akauliza kwenye kipaza sauti kama baba yangu amefufuka kusalimia tu. Watu wakacheka. Nilitamani ardhi inimeze.

Kisha Mama, kwenye kigoda chake mbele, akajibu: "Mhola." Baba akasalimia, Mama akajibu. Wazee waliomjua wakasogea, wakaanza kujibu naye. Halafu wake zao. Halafu uwanja. Januarius akabaki na watoto watatu na mbuzi. Ngoma yenyewe haikusikika hata kidogo. Mama alijibu mpaka betri ilipokwisha.

Alhamisi, 8 Julai.
Fundi amesema kwa simu kwamba samli imeharibu kitufe, nisirudie tena. Hajui ngoma huyo.

Mama ameuliza kama Baba atasalimia tena leo. Nimesema atasalimia. Kwanza nakwenda kwa Mzee Mashimba. Vitufe vinne bado havijashiba samli.