Ombwe Lililojaa Hewa

Jumatatu, 3 Juni
Nafasi ya mkuu wa maabara iko wazi. Tunaitaka wawili: mimi na shemeji, kaka wa mke wangu, tunayefundisha naye fizikia. Leo kikaoni kasema kwamba katika hesabu za mawimbi ya redio, hewa, ombwe na nafasi huru huchukuliwa kama kitu kimoja, maana tofauti ni ndogo mno. Mkuu wa chuo akakubali. Nikasimama. Nikasema ni vitu vitatu, na tofauti yake nitaionyesha Ijumaa, kwa macho. Nilipoketi ndipo nikajiuliza kwa vipi.

Jumanne, 4 Juni
Nimesoma. Hewa ni hii tunayovuta. Hupunguza mwendo wa mawimbi kidogo sana. Ombwe ni chombo kilichonyonywa hewa, na hata pampu bora huacha mabaki. Nafasi huru haina hewa, chembe wala ukuta. Ipo kwenye hesabu tu, kama kipimo cha kulinganishia vingine. Kumbe nilisema kweli. Ila tofauti ya hewa na ombwe ni kama sehemu tatu katika elfu kumi. Mita yetu ya kupimia mawimbi haiioni hata ikivaa miwani. Kumbe shemeji naye alisema kweli. Hilo ndilo linaloniuma.

Alhamisi, 6 Juni
Penye nia pana njia. Nimefunga uzi kwenye kipokeo cha mawimbi, ukapita chini ya meza hadi gotini. Pampu ikinguruma, navuta. Kipokeo kinasogea, mshale wa mita unaruka. Nimefanya mazoezi nyumbani mpaka mke wangu akauliza kama goti linauma. Nikamwambia ni sayansi. Akasema kaka yake huifanya bila kuchechemea.

Ijumaa, 7 Juni
Maabara ilijaa. Nikaeleza vitu vyote vitatu, kwa ufasaha. Nikabonyeza swichi ya pampu, nikatangaza hewa inatoka kwenye chupa ya kioo, nikavuta. Mshale ukaruka. Makofi. Shemeji akaninong'oneza, kwa upole, kwamba pampu haijachomekwa kwenye umeme. Nikamwambia aache wivu. Mkuu akasikia. Akaitazama plagi sakafuni, akauona uzi, akaufuata kwa kidole mpaka kwenye suruali yangu.
"Chupa imejaa hewa, mwalimu," akasema. "Ombwe liko wapi?"
Wote walikitazama kichwa changu.

Jumamosi, 8 Juni
Shemeji kapewa nafasi. Kaja nyumbani, wala hakunicheka. Kasema maelezo yangu yalikuwa mazuri kuliko ya kitabu. Eti tufundishe somo hilo pamoja. Upole wa namna hiyo una jambo nyuma yake.
Nimeyapima makosa yangu kwa utulivu, nikalipata lililoniangusha. Uzi ulikuwa mweupe.
Nimenunua mweusi.