Injini Itakayonizika

Jumatatu, 9 Juni 2025

Pikapu imefika! Nyeupe. Milango miwili, na yote inafunga. Nimeiendesha mwenyewe kutoka Manyoni hadi hapa Mwankoko, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine dirishani, nikiwapungia watu hata wasionijua. Wasionijua ni wachache.

Dashibodi inasema imetembea kilomita elfu tisini na moja. Kwa gari la dizeli huo ni utoto! Dereva mmoja wa malori niliyekaa naye Tunduma (nimekaa Tunduma miezi minne, dunia naijua) aliniambia injini ya dizeli inafika laki nne bila kukohoa. Nimepiga hesabu. Laki nne toa elfu tisini na moja, zinabaki laki tatu na elfu tisa. Mgori kwa dada yangu, kwenda na kurudi, tuseme kilomita themanini. Hizo ni safari elfu tatu mia nane na sitini na mbili. Safari moja kwa wiki, miaka sabini na minne. Mimi nina arobaini na sita. Injini hii itanizika!

Jirani yangu Hezekia amekuja kuangalia. Naye ana pikapu, kama lile lake linastahili jina hilo. Rangi ilishahama. Mshale wa kilomita ulikufa zamani, hajui mwenyewe limetembea kiasi gani. Hakusifia chochote. Aliuliza tu kama kabla ya kununua niliangalia pedeli. Pedeli! Nilikuwa nanunua gari au viatu?

Akaondoka akinung'unika kwamba sijamsalimia. Yaani shikamoo. Anadai kanizidi miaka mitatu. Namkatalia tangu darasa la tatu, maana tulikaa dawati moja. Mtu akirudia darasa, umri wake unaanza kuhesabiwa upya. Huo ndio msimamo wangu na sitauacha.

Jumanne, 10 Juni

Dada Yustina amekuja kutoka Mgori. Ni dada yangu mkubwa, mjane, analima vitunguu. Ana magunia kumi na mawili tayari. Lori la mnunuzi linafika hapa Mwankoko Jumamosi na linaondoka saa sita mchana, halisubiri mtu. Vitunguu hivyo ndivyo bati zake. Nyumba yake imesimama kuta tupu tangu mwaka jana, yeye na watoto watatu wanalala jikoni na moshi. Lori likiondoka bila magunia yale, hakuna mnunuzi mwingine, na vitunguu vitaota humo humo ndani ya magunia.

Alikuwa ameshaelewana na Hezekia ambebee. Hezekia! Nikamwambia ananidhalilisha mbele ya ukoo mzima. Ana mdogo wake mwenye gari, halafu anabebewa na mtu baki? Akaniuliza kama nina hakika na gari lenyewe. Nikamweleza ile miaka sabini na minne. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akasema watoto wake hawahitaji miaka sabini na minne, wanahitaji Jumamosi.

Nimeapa. Ijumaa napakia, Jumamosi lori litatukuta tumekaa tunalisubiri. Amekwenda kumwambia Hezekia asijisumbue. Amekwenda polepole sana, lakini amekwenda.

Jioni nimeona moshi. Wa bluu. Mwingi. Nimepita kwa fundi Elisha, kwa bahati tu, wala si kwa wasiwasi. Hakufungua hata boneti. Aliinama akaangalia pedeli (hawa watu wana nini na pedeli?). Akanionyesha mpira umeisha, mguu unakanyaga chuma kitupu. Akasema gari la elfu tisini na moja halifiki hapo, hili laki nne limeshazipita, kuna mtu kairudisha nyuma saa ya kilomita. Nikamjibu kwamba mwenye gari wa kwanza alikuwa na miguu mizito. Elisha akasema basi alikuwa tembo.

Anataka kushusha injini, abadilishe ringi za pistoni, kwa sababu zimelika na gari linakula oili. Siku tano. Siku tano! Nimemuaga.

Jumatano, 11 Juni

Gari hili halili oili. Linakunywa. Asubuhi nimejaza, saa nne kijiti cha kupimia oili kikavu. Nimejaza tena, saa nane kikavu. Mwenye duka ameanza kuniita bosi, dalili mbaya.

Kisha wazo! Nilikuwa nimekaa barabarani kwenye meza ya mke wangu. Magreth anauza mafuta ya alizeti, madumu ya njano yamepangwa mstari, mabasi yanasimama, watu wa Dar wanashuka kama wamemwona ndugu. Nikajiuliza: hawa wanasafiri siku nzima kuja kununua mafuta yetu ya Singida, sisi tunakwenda dukani kununua oili nyeusi ya makopo? Mafuta haya ni safi, unaona kidole chako upande wa pili. Binadamu anayala na anaishi miaka tisini. Injini itashindwaje?

Nimechukua dumu moja, la mstari wa nyuma. Nikamwaga oili yote, nikatia alizeti tupu.

Kimya! Injini ikatulia kama mtoto aliyenyonya. Moshi ukapungua, ukageuka mweupe. Nimezunguka Mwankoko nzima mara mbili. Kuna harufu kidogo, siwezi kuficha. Pale kwenye mashine ya kusaga watu wawili wamenisimamisha wakaniuliza maandazi nauzaje.

Elisha alikuwa amesimama mlangoni pa gereji yake. Akanusa. Akauliza nimetia nini. Nikasema ni siri ya kazi. Akashika kichwa kwa mikono yote miwili. Wivu wa kitaaluma huo.

Alhamisi, 12 Juni

Nikiwa na dawa ya namna hii, kwa nini niifiche? Nimejaza chupa nne, nimeandika karatasi kwa mkono, zenye jina langu, na kubandika: ANTIPASI SUPA, DAWA YA MOSHI. Dereva mmoja wa bajaji ameisoma yote, akaigeuza, akauliza kama inafaa na kachumbari.

Magreth amegundua dumu limepungua. Sitaandika yote aliyosema, daftari hili ni la heshima. Alisema kwa miaka kumi na tisa alijua ameolewa na mwanaume, kumbe aliolewa na kikaango. Jioni nimepewa mchicha wa kuchemsha, mweupe, bila chochote. Nimeuliza mafuta yako wapi. Amesema yako kwenye gari, nikalambe.

Hezekia alikuwa uani kwake amelala chini ya gari lake, anabadilisha oili. Kila mara anabadilisha! Nimemuuliza kupitia ukutani gari lake limeugua nini. Akasema halijaugua, ndiyo maana anabadilisha. Akasema tena kwamba injini haijui kilomita, inajua tu inaishi na nani. Nikamwambia basi yangu inaishi na mtu aliyefika Tunduma. Akaendelea kukaza nati. Nilimshinda.

Ijumaa, 13 Juni

Sina nguvu ya kuandika, lakini nitaandika.

Tulikwenda vizuri. Njiani nikampakia Bibi Elizabeti na kuku wake wawili, halafu wanakwaya watatu, halafu mwenye baiskeli na baiskeli yake, halafu mtu wa saruji. Wote bure. Siwezi kumpita bibi kizee kwenye jua lile, moyo wangu hauna breki. Za gari lenyewe nazo ni za kubahatisha.

Mgori tukapakia magunia kumi na mawili. Dada Yustina akakaa mbele kwangu, amevaa kitenge cha Krismasi. Mimi napiga honi, yeye anawapungia majirani. Baada ya mwendo mzuri tu ikawaka taa nyekundu yenye picha ya kibirika. Nilidhani ni urembo. Kisha harufu, si ya maandazi tena, ya maandazi yaliyosahauliwa. Kisha mlio kama kokoto kwenye sufuria. Kisha hakuna mlio wowote.

Injini imenoki. Imeshikana, haizunguki hata kwa kusukuma. Nilivuta kile kijiti cha oili, kikatoka na kamba ndefu inanata, ulimbo mtupu, wa kutegea ndege.

Nikamweleza dada kwamba hili ni jambo dogo, ni injini inapumzika. Hakugomba. Laiti angegomba! Aliteremka akakaa juu ya jiwe, akauangalia mzigo wake, akasema saa tisa hii, Antipasi. Basi.

Wenye nyumba iliyo karibu wamempokea, analinda magunia. Mimi nimepanda bodaboda kurudi Mwankoko kutafuta gari. Wa kwanza gari lake limekwenda Kinyangiri. Wa pili ana harusi kesho. Wa tatu aliponiona tu akacheka mpaka akakaa chini.

Nimebakiwa na mmoja. Nimefika getini kwake mara tatu, na mara tatu miguu imenirudisha nyumbani. Magreth ameniuliza nyumba ya dada ingeezekwa kwa kiburi changu, ingevuja au isingevuja.

Jumamosi, 14 Juni

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kwa Hezekia. Yupo uani, anafuta kioo cha gari. Nikasema hali ya hewa ni nzuri. Akasema ni nzuri. Nikasema kuna vitunguu fulani. Akaendelea kufuta. Akauliza kama kwetu ndivyo tulivyofundishwa kuingia kwenye nyumba ya mtu.

Bomba la mtaa liko mbele ya geti lake. Kina mama sita na ndoo zao. Wote wakageuka kututazama. Nikawaza wale watoto watatu wanavyokohoa jikoni.

Nikasema. Nimeandika hapa ili wajukuu wajue nilivyompenda dada yangu. Nikasema shikamoo, kaka Hezekia.

Akatega sikio kwa kiganja. Nikarudia. Akaitika marahaba mdogo wangu, akaivuta hiyo marahaba ndefu mpaka nadhani Mgori waliisikia. Kina mama wakatua ndoo wakapiga vigelegele. Miaka thelathini na saba ya msimamo!

Halafu ndipo akafungua mlango wa gari. Ndani: kamba, turubai, maji ya rejeta, mikate miwili na chai kwenye chupa. Yule wa bodaboda alimweleza yote tangu jana. Amekuwa ananingoja mimi tu nimwonyeshe lilipozimika. Alikuwa anakwenda hata hivyo! Shikamoo yangu imekwenda bure! Nikamwambia anirudishie. Akasema zikishaitikiwa hazirudi.

Tulianza kuhamisha magunia saa mbili na nusu asubuhi. Mimi nikapanda juu ya vitunguu kwa sababu mbele alikaa dada. Gari lake linatembea kama linahesabu mawe. Nikapiga bodi, nikamwita aongeze mwendo, saa zinakimbia. Akatoa kichwa dirishani akasema injini ni yake, mdomo ni wangu, kila mtu aangalie mali yake.

Kwenye mlima nilifumba macho. Likapanda. Halikubadilisha hata sauti. Saa sita kasoro dakika kumi tukaingia Mwankoko, lori limeshawasha, mpimaji anakunja turubai. Dada aliruka kabla gari halijasimama, akasimama mbele ya lori lile mikono juu, mtu mzima na kitenge cha Krismasi. Wakashusha mizani.

Wamechukua yote kumi na mawili. Dada alilia, akasema ni vitunguu. Alimshukuru Hezekia kwa mikono miwili. Kisha akanishika shavu kama alivyofanya nilipokuwa mdogo, akasema ananipenda sana, lakini mwakani nisimsaidie.

Jumapili, 15 Juni

Ng'ombe wanne wameivuta pikapu hadi kwa Elisha. Njia nzima watu waliotoka misa zote mbili walikuwa wamesimama wanatuangalia.

Elisha amefungua injini. Akaita mafundi wengine waje waone. Amesema katika kazi yake ameshakuta mchanga ndani ya injini, maji, na mara moja panya. Ya kukaangwa hajawahi. Kila kitu kimegandana. Haifai hata kwa vipuri. Akaniuliza kwa upole sasa nimejifunza nini kuhusu umri wa injini. Nikasema nitafikiri.

Jumatatu, 16 Juni

Nimefikiri.

Mafuta hayakuwa na kosa. Injini ile ilizoeshwa vibaya, ikapewa kitu safi kwa ghafla, tumbo likakataa. Inahitajika injini changa, inayoanza na alizeti tangu mapema.

Asubuhi nilikwenda Mgori kupigilia bati za dada. Nimepigilia sita, Hezekia amepigilia zilizobaki na kupigilia upya zangu. Nikiwa juu ya paa simu ikaita. Kuna mtu wa Itigi anauza injini ya dizeli, inaingia kwenye pikapu yangu bila kukata chuma. Yuko tayari kubadilishana na ng'ombe wetu wawili. Nimekubali hapo hapo, juu ya paa. Magreth nitamweleza akiwa na furaha.

Sikuwa mjinga, nilimhoji kama polisi. Nikamuuliza imetembea kilomita ngapi. Akaniuliza mimi ninapenda ngapi. Nikasema elfu thelathini ingenifaa. Akaenda kuangalia, akarudi kwenye simu akasema ni elfu thelathini kamili.

Kamili! Haijazidi hata moja!