Kipande cha Papa

Leo nimejiaibisha mbele ya kartié muzima, majirani wote. Kaeni kwanza, niwaeleze.

Munajua walimupasua papa, baba yetu, juu ya kansa ya utumbo mukubwa. Bon, amerudi nyumbani. Lakini ule uvimbe waliotoa uko wapi? Kwetu, kitu kikitoka kwa mwili wa mutu, familia inakizika. Hospitali wananiambia, "Kimeenda labo, kule kwa kupima." Labo! Wakati huu wa vita, mutu akikuficha kitu, unalala macho wazi. (Mimi hata kivuli changu nakishuku.)

Asubuhi nakutana na Jospin, fiancé, muchumba wa mudogo wangu wa kike. Anafanya kazi kwa ile labo. Amebeba glacière, lile sanduku la barafu.

"Iko nini mule?"

"Vitu vya kazi, yaya, mukubwa wangu." Na haniangalii! Nikasema, nimekupata.

Nikapanda toleka. Yule wa teksi ya baiskeli akamufuata Jospin mupaka labo. Nikaingia bila hodi. Profesa alikuwa anaeleza wanafunzi: ndani ya seli za kansa kuko jeni inayoamuru ziongezeke. Wao wanatia kitu kidogo kinachokata ile amri, seli zinakua polepole. "Haijakuwa dawa," anasema. "Tunajaribu kwa seli tu."

"Munajaribu papa yangu!" nikapiga kelele. Nikanyakua glacière.

"Yaya, usifungue!"

Nikafungua. Kitu kizito, kimefungwa kwa majani. Nikakikumbatia. "Papaaa!" Nikalia mupaka kamasi. Wanafunzi wakasimama kwa heshima, maskini.

"Yaya, ile haiko..."

"Nyamaza, mulozi!" Nikatoka mbio nacho.

Nyumbani tukachimba shimo. Tonton, mudogo wa papa, akaanza maombi, majirani wanalia. Papa, kwa kiti chake, akanusa.

"Hii kansa iko na pilipili?"

Tukafungua. Liboke, samaki ya kupikwa ndani ya majani! Mudogo wangu akakimbilia jikoni. Kumbe anamupikia Jospin kwa siri, na ile samaki niliyomununulia papa! Na mahari bado!

"Na kipande chako, papa?"

"Niliwapa mimi mwenyewe," akasema. "Mimi walishanipasua. Labda kitasaidia mutu mwingine."

Nikafukia shimo peke yangu, na kesho nitarudi labo kuomba radhi.

Donc naomba musicheke. Papa anacheka tangu saa ile, na nyuzi walizomushona hazijatolewa.