Hotuba ya Kufungua Kituo cha Tabo, Sapiwi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye hakuweza kufika na kwa sababu hiyo ni mimi mwenyewe, Sylvester Mayige, Mratibu wa Muda wa Uhamasishaji wa Usafirishaji. Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati ya Maandalizi. Kamati Ndogo ya Viti. Viongozi wa dini mliokuwa mkiomba mvua, ambao sasa nawaomba muisitishe kidogo. Ndugu wakulima, wafugaji, na ninyi mliokuwa mnapita tu mkasimama: mwadila! (Wachache: Mwadila!) Mwadila tena! (Ng'ombe analia.) Ahsanteni kwa shangwe.

Katika zama hizi za soko huria, mwaka huu wa 1996, ambapo kila mwenye mizani ruksa kununua pamba na kila mwenye lori ruksa kuibeba, ofisi yangu, kwa juhudi zangu, chini ya usimamizi wangu, imebaini kwa asilimia tisini na saba nukta nne kwamba lori la chama chetu cha ushirika limekufa kwa sababu ya tabo, yaani kile kifeni kinachozungushwa na moshi wa ekzosi ili kisukume hewa ndani ya injini, ambacho kikichoka lori linashindwa kupanda kilima hata likiwa tupu.

Dalili zake nimezigundua mimi. Kwanza, moshi wa bluu, maana oili inaungua. (Fundi Machibya: Nilikuonyesha mimi, mwezi wa sita!) Kaa, fundi. Pili, mlio kama filimbi, ambao mimi binafsi nilidhani ni wa kunipokea, nikapunga mkono. (Kicheko.) Tatu, ukivua mpira wa hewa ukashika shafti, ikacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza, hiyo imekwisha. (Machibya: Na mapanga ya kifeni yalikuwa yameliwa na vumbi, chujio la hewa limechanika!) Fundi, hii ni hotuba, si gereji!

Ni kweli niliagiza, katika stratejia ya kubana matumizi, kwamba dereva Shija akifika tu na mzigo azime injini papo hapo. Fundi anadai iachwe ingurume taratibu dakika mbili, tabo ipoe huku oili ikizunguka. Mimi sikubaliani na chombo kinachopumzika saa za kazi. (Shija: Aa, mzee! Si ndiyo maana imeungua!)

Naona mama yetu, Mayu Benedikta, kanyoosha mkono tangu kwenye itifaki. Sema, mayu, kwa kifupi. (Benedikta: Pamba yangu yote iko nje pale ng'ambo ya barabara, haina hata turubai. Mnunuzi anafunga mizani kesho. Ikinyeshewa, Violeth wangu harudi shule. Lori linatoka lini?) Swali zuri sana, ndiyo maana tumeliundia mradi!

Mwezi wa saba niliandika barua ya kurasa nne kwenda juu: wananchi wanaomba tabo mpya. Jibu limefika leo kwa basi, na sijalifungua, kwa kuwa jambo jema hufunguliwa hadharani. Karani Felisita, mkasi! (Mratibu anakata utepe uliofungwa kati ya vijiti viwili, kisha bahasha.) Nasoma: “Rejea barua yako kuhusu wananchi kuomba tabu mpya. Ofisi imeshangaa. Tabu zilizopo zinatosha. Mradi wa tabu haupo, haujawahi kuwepo, na kituo chake kisifunguliwe.”

Felisita! (Felisita: Uliandika “tabo”, mzee. Nikajua umekosea, nikasahihisha. Kurasa zote nne.)

(Ngurumo. Matone.) Ndugu wananchi, msitawanyike, changamoto ni fursa! Soko huria, oyee! (Watu wanainuka.) Tabo, juu! (Wananchi: Tabu tele!) Machibya, shuka huko! Hilo turubai ni la meza kuu! Shija, na wewe unashika upande wa pili? Mnalipeleka wapi? (Benedikta: Kwenye pamba!) Wote? Hata Kamati Ndogo ya Viti?

Basi. Kwa niaba ya Mgeni Rasmi, ambaye amelowa, nawashukuru kwa kufungua kituo ambacho, kama mnavyoona, ni vijiti viwili. Nawashukuru kipekee ninyi mliobaki kunisikiliza, yaani Felisita.

(Felisita: Mimi nangoja meza, mzee. Ni ya shule.)