Jinsi Sifuna Alivyosimama Juu ya Jiwe Nambari Moja

Zimeni redio zenu, enyi wakaazi wa Nairobi, wekeni vikombe chini, na yeyote mwenye jambo la maana la kufanya na alifanye kesho, kwa kuwa hapa leo halitatajwa jambo lolote la maana. Sogeeni niwasimulie habari za Sifuna wa Jamhuri, karani wa stoo ya mbao, baba wa watoto watatu, mwenye magoti mawili yanayolia kila anapoinuka kitini. Habari za jinsi alivyotoka ibadani Jumapili moja akaenda kupigana na jiwe, na mbele ya mashahidi watatu, mmoja wao akimenya mihogo, akaweka miguu yake miwili mahali ambapo kwa miaka kumi na sita alikuwa akiapa kwamba aliiweka.

Jiwe lenyewe liko Loresho, chini bondeni, katika machimbo ya zamani yaliyoachwa magugu yakatamalaki. Upande mmoja kuna mkondo wa maji ambao ni heri usiulizwe unatoka wapi, na upande wa pili kuna kuta za nyuma za majumba makubwa. Wapandaji hulinena jiwe hilo kwa sauti ya chini, wakaliita ngome, wakaliita jabali, wakaliita mla vidole. Mimi nimelipima. Ni mlango mmoja, na juu yake nusu ya mlango. Fundi wa dari hufika kimo hicho mara thelathini kwa siku na hakuna aliyemtungia utenzi. Lakini fundi ana ngazi, nao waungwana hawa waliiharamisha ngazi, wakaiharamisha na kamba, wakasema mtu na apande kwa ncha za vidole na ncha za viatu, akianguka aangukie godoro. Hiyo ndiyo dini yao.

Basi Jumapili hiyo walikuwa wamekaa watatu penye kivuli cha jiwe, wazee wa fani, na kumbukumbu zao zilikuwa zimenenepa pamoja nao. Alikuwapo Sifuna. Alikuwapo Abdalla, mwana wa Lamu, muuza vitambaa katikati ya jiji, mwenye ulimi laini na tumbo linalomtangulia mlangoni. Alikuwapo Lornah mshika daftari, mwenye miwani mbili, moja usoni na moja kichwani. Wakakumbushana siku za mwanzo, zile za mwaka elfu mbili na tisa, walipokuwa hawana kitu ila raba za shule na ujinga mwingi. Wakakumbuka godoro la dada yake Abdalla, walilolitoa kitandani naye yuko kazini, wakalibeba vichwani kwa miguu kutoka Jamhuri, wakapita nalo Lavington mchana kweupe, mpaka askari wa geti moja akawasimamisha kuwauliza wameiba nyumba gani. Wakakumbuka jinsi walivyopaka mikono unga wa sembe ili isiteleze, na jinsi jasho lilivyougeuza unga ule ugali viganjani mwao. Kila wanapokutana husimulia hayo, na kila mwaka godoro huwa jembamba zaidi na askari huwa wengi zaidi. Jumapili hii askari walikuwa wamefika tisa, na mmoja alikuwa na bunduki.

Wakakumbuka pia Sheria. Kwa maana walikuwa na sheria, na aliyeitunga kwa kelele kuliko wote ni Sifuna mwenyewe, siku Abdalla alipofika juu ya kijiwe kidogo akiwa amelalia tumbo, akataka kukipa jina lake. Sheria ilisema hivi: jiwe ni la yule wa kwanza aliyesimama juu yake kwa miguu miwili, na huyo ndiye atakayelipa jina. Kulala hakuhesabiki. Kukaa hakuhesabiki. Abdalla alipokonywa kijiwe chake papo hapo, na hajasahau hadi leo.

Sasa Lornah akafungua daftari. Siku hizi vijana huja kutoka Karen na magodoro ya kukunjwa mgongoni, nao walikuwa wameomba orodha ya mawe yote ichapishwe, kila jiwe na jina lake na mtu wake wa kwanza, ili ijulikane daima dawamu.

"Tuanze na jiwe nambari moja," akasema Lornah. "Jina?"

"Mwamba wa Sifuna," akajibu shujaa wetu, akijifanya anaangalia miti. "Andika hivyo tu. Elfu mbili na tisa, mwezi wa nane. Wa kwanza, Sifuna."

Abdalla akainua kiganja kama kadhi.

"Lornah, dada yangu, zuia kalamu. Mimi sipendi kumvunjia mtu heshima yake siku ya mapumziko. Lakini nilikuwapo, na macho yangu mawili yalikuwapo. Ndugu yangu Sifuna alifika juu, hilo silipingi. Alipofika akageuka, akakaa kitako kama mtu angojaye kinyozi, kisha akateremka. Hakusimama. Juma lililofuata nikapanda mimi, nikasimama, nikapunga mkono. Jiwe hilo ni Mwamba wa Abdalla, na miaka yote hii nimenyamaza kwa ajili ya udugu tu."

"Udugu gani," akasema Sifuna. "Wewe hiyo wiki ulikuwa na malaria. Mimi nilisimama, buda. Nilisimama mpaka nikaona Kangemi."

"Kangemi waiona hata ukiwa umekaa."

Lornah akawatazama kwa miwani ya usoni, kisha akabadilisha akawatazama kwa ile ya kichwani. "Mimi sikuwa nimefika," akasema. "Nilikuwa nabembeleza yule askari na godoro. Sasa niandike nini?"

Sifuna akarudi kuangalia miti, maana alijua. Alijua vizuri kuliko Abdalla. Siku ile alipouvuta mwili wake juu ya ukingo, moyo ukimdunda, alikuta kilele chote kimetandikwa gunia kutoka ukingo hadi ukingo, na juu ya gunia mihogo iliyokatwakatwa imeanikwa juani, myeupe, imepangwa. Kabla hajainua goti, sauti ya mwanamke ilimfikia kutoka mkondoni: "Wewe, ukikanyaga mihogo yangu utanijua." Akakaa. Akaning'iniza miguu, akateremka, na kufikia jioni ile alikuwa amekwisha kumwambia kila mtu kwamba alisimama. Alimwambia mchumba wake, naye akaolewa akiamini hivyo. Aliwaambia wanaume wa kanisani na vibarua wa stoo. Na mwaka huu bintiye mdogo, Jacklyne, alichora shuleni picha ya mtu mkubwa juu ya jiwe kubwa, mikono juu, miguu miwili imara, akaandika chini yake "Baba", na picha hiyo imebandikwa sebuleni mbele ya kiti anachokalia. Kila jioni mtu huyo wa pichani humtazama. Aliona aibu, si kidogo, aibu ya kuungua masikio, na lau daftari lingeandika jina la Abdalla asingejua atakaa kiti kipi nyumbani kwake.

"Basi yaishe," akasema Abdalla, kwa ukarimu wa mtu aliyekwisha kutazama kitambi cha mwenzake. "Panda leo. Ukisimama leo, mbele ya Lornah, kwa miguu miwili, mimi nafuta dai langu na jiwe ni lako. Ukishindwa, ni langu."

Naam, hapo ndipo tarumbeta zilipolia, kwa wenye masikio ya kuzisikia. Shujaa akavua koti la kanisani, akalikunja, akampa Lornah. Akavaa raba. Akatia mikono katika soksi yenye chaki, akaitoa myeupe kama ya mwoka mikate. Akachukua mswaki wa zamani, silaha ya jadi ya watu hawa, akausugua ukingo wa kila tundu la jiwe kwa bidii ambayo meno yake mwenyewe hayajapata kuiona. Lornah na Abdalla wakaburuta godoro chini yake. Pembeni, juu ya karai lililopinduliwa, alikuwa ameketi mwanamke akimenya mihogo. Huyo walimkuta hapo kila walipokuja, wakamwamkia "Mama Joyline, habari ya leo," naye akajibu njema, na hayo ndiyo yote waliyopata kumwambia. Alifanya kazi katika mojawapo ya majumba yale, na siku ya mapumziko alilima ukingo wa mkondo. Hakuinua macho.

Shambulio la kwanza lilidumu muda wa kupiga chafya. Sifuna alirukia tundu la kulia, akalishika, akasema "ah", akawa godoroni.

Shambulio la pili lilikuwa refu na la kusikitisha zaidi. Alifika katikati, na hapo kitambi chake, ambacho mwaka elfu mbili na tisa hakikuwapo vitani, kikaingia kati yake na jiwe kikamsukuma nje. Aliteremka polepole, shati likibaki juu na mwili ukishuka, huku Abdalla akitazama kwingine kwa heshima iliyouma kuliko kicheko.

La tatu aliingia nalo akiwa amekata tamaa, na kukata tamaa kulimfanya apande kwa utulivu. Alifika pale pale katikati. Mguu wa kushoto ukatafuta, ukakosa, ukakwaruza.

"Weka huo mguu kwa kale kashimo," akasema Mama Joyline, bado akimenya. "Si hako. Hako kengine, chini ya goti. Eeh, hapo."

Mguu ukaingia kashimoni kama umezaliwa humo. Mwili ukainuka wenyewe. Mkono wa kulia ukashika ukingo, wa kushoto ukafuata, tumbo likapanda kwa awamu, na Sifuna mwana wa Jamhuri akalala juu ya kilele cha jiwe nambari moja, shavu lake likiwa limegusa kitu kikavu chenye unga. Akafumbua macho. Ilikuwa mihogo. Gunia lilikuwa pale pale, kutoka ukingo hadi ukingo, mihogo myeupe imepangwa, kana kwamba haijapita hata wiki moja.

Enyi wasikilizaji, mpate kumwonea huruma kidogo, ingawa hastahili. Alikuwa amelala pale ambapo uongo wake ulizaliwa, na uchaguzi ulikuwa ule ule: ama akae tena, ama akanyage chakula cha mtu. Chini, Abdalla alikuwa ameanza kusema, "Amekaa? Lornah, hebu tazama, amekaa?"

"Mama Joyline," akaita Sifuna kwa sauti nyembamba. "Huku kuna mihogo."

"Najua. Ni yangu."

"Siwezi kuikanyaga. Naomba, nisimame wapi?"

Kisu kikatulia. Katika miaka kumi na sita ndiyo mara ya kwanza mtu wa mawe kumwomba kitu. "Kunja gunia hapo kwa kona," akasema, "usimame. Na vile uko huko, igeuze. Chini bado ni mbichi."

Akakunja kona. Akaweka goti, likalia. Akaweka mguu mmoja, akaweka wa pili, akainuka akiyumba, akasimama. Aliona Kangemi. Aliona mabati yake yote yakimetameta, na furaha ikamjaa. Kisha akainama, na kwa vidole vilivyokwaruzwa akaanza kugeuza mihogo, kipande kimoja kimoja.

"Amesimama," akasema Abdalla, maana ni mtu mkweli anaposhindwa. "Andika, Lornah. Miguu miwili. Jiwe ni la Sifuna."

Lakini Lornah hakuandika. Alikuwa ametazama juu, kwenye gunia, kisha chini, kwenye karai, na uso wake ukawa wa mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka.

"Mama," akauliza, "na hiyo mihogo hufika huko juu aje?"

Watu wazima wawili, mmoja mwenye cheti cha biashara na mmoja anayejua hesabu ya kitambaa kwa macho tu, walikuwa wamezozania jiwe hilo kwa miaka kumi na sita, wakalitungia sheria, wakalisugulia mswaki, wakakosana na kupatana kwa ajili yake, na siku hata moja hawakujiuliza swali hilo. Nadhani walidhani mihogo hupanda yenyewe.

"Huwa napanda," akasema mwanamke.

"Kwa nyuma?"

"Nyuma kuna upupu. Napitia tu hapa mbele, kwa hako kashimo nimemwonyesha. Karai nafunga kwa mgongo na leso."

"Na umeanza lini?"

Akafikiri. "Joyline alikuwa kwa tumbo. Sasa Joyline ako na ishirini na tatu."

Abdalla akakohoa. Tumaini la mwisho la wanaume wote wapandao mawe lilikuwa katika koo lake. "Lakini mama, niwie radhi, huko juu, wewe ulikuwa wasimama? Au ulikuwa wakaa?"

Mama Joyline akamtazama kwa mara ya kwanza, kwa makini, kama anayetazama muhogo ulioharibika ndani. "Sasa mtu huanika mihogo akiwa amekaa?"

Lornah akageuza kalamu. "Samahani, mama. Hatujawahi kukuuliza jina lako."

"Debra. Debra Awiti."

"Na jiwe, unaliitaje?"

"Hilo? Hilo halina jina. Ni mahali pa kuanika."

Lornah akaandika yote mawili, kwa wino, akayapigia mstari. Kisha akainua uso kwa shujaa aliyekuwa bado ameinama kileleni. "Na Sifuna nimwandike aje?"

Debra akachunguza kazi iliyofanywa juu, akitia mkono usoni kuzuia jua. "Mwandike amegeuza," akasema. "Tena hajaangusha hata moja. Miaka hii yote hakuna mtu amewahi nigeuzia."

Basi na ijulikane tangu Loresho hadi Jamhuri, na vijana wa Karen waisome watakapoletewa orodha, kwamba Sifuna ndiye binadamu wa kwanza katika historia kugeuza mihogo ya Debra Awiti, na kwamba alisimama kwa miguu miwili alipokuwa akiigeuza, na kwamba baadaye Debra ndiye aliyemwelekeza namna ya kushuka, mguu kwa mguu, kwa kuwa mwenyewe hakujua. Abdalla aliuliza kama kuna mingine ya kugeuza. Akaambiwa arudi Jumapili ijayo.

Jioni ile Sifuna alibandua ile picha ukutani, akamwita Jacklyne, akampa kalamu za rangi. Magoti yalimuuma na alikuwa na unga wa mihogo sikioni.

"Hapa chini ya miguu," akamwambia, "chora mihogo, mingi. Na baba usimpe mikono juu. Alikuwa ameinama."